Yesu Anajua Harufu Inayokutisha



Juzi baada ya maombi ya Jumatano dada mmoja alibaki nyuma watu walipokuwa wakitoka. Aliniuliza swali ambalo wengi wenu mmenitumia usiku kwa maneno tofauti tofauti. "Mchungaji, nimeokoka miaka kumi na minne. Nimefunga, nimeombewa, nimepakwa mafuta. Mbona mwili wangu bado unatetemeka nikisikia mlango ukibamizwa?" Sitasema kilichompata. Hiyo ni siri yake na Mungu wake. Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu mlinzi alitaka kufunga geti. Jibu refu ndilo hili, na amenipa ruhusa niliandike hapa.

Washirika wa zamani mnajua kwamba mimi sikai karibu na dirisha. Tukisafiri kwa matatu, mume wangu ndiye hukaa upande wa kioo. Wengine wenu mmenitania juu ya hilo, na sina neno. Leo nawaambia lilikotoka.

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 21, karani katika ofisi ndogo ghorofa ya tatu, si mbali na makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, pale ubalozi wa Marekani ulipokuwa. Ijumaa tarehe 7 Agosti, saa nne na nusu hivi asubuhi, tulisikia mlipuko mdogo. Baadaye tulikuja kujua ni guruneti lililorushiwa walinzi wa ubalozi. Wakati huo hatukujua lolote, na binadamu akisikia kishindo hukimbilia dirishani kuona kuna nini. Majengo yote ya karibu watu walifanya hivyo. Ndiyo sababu wengi sana walipoteza macho siku ile. Walikuwa wamesimama nyuma ya vioo wakichungulia bomu lenyewe lilipolipuka.

Dada tuliyefanya kazi meza kwa meza alikimbilia dirisha. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya kabati la chuma, natafuta faili kwenye droo ya chini. Tofauti kati yetu ilikuwa hiyo tu. Droo ya chini.

Jengo la Ufundi, lililokuwa ubavuni mwa ubalozi, liliporomoka lote. Hapa Nairobi walikufa watu 213, na waliojeruhiwa walihesabiwa kwa maelfu. Dar es Salaam, asubuhi hiyo hiyo, walikufa 11. Mimi ninachokumbuka zaidi ni vumbi. Vumbi la simiti, jeupe, linaingia puani na mdomoni mpaka unalitafuna. Nilimshika dadangu mkono tukashuka ngazi, naye akiniuliza kama taa zimezimika.

Alifariki hospitalini siku ya tatu. Mimi nilishonwa nyuzi sita mkononi nikaambiwa niende nyumbani.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Watu walipiga vigelegele, wakamtukuza Mungu aliyeniokoa na mauti, na ulikuwa ushuhuda wa kweli, sitaukana. Lakini wakati sisi tunashangilia, kwao dadangu walikuwa wanapanga mazishi, na mamake naye ni mama wa maombi. Nilirudi kukaa kwenye benchi na swali moja kifuani: yule mama naye ataambiwa nini kuhusu Mungu aliyeniinamisha mimi? Swali hilo nilikaa nalo miaka 11.

Ngoja niwaeleze hiyo miaka ilikuwaje, kwa sababu kuna mtu anasoma hapa akidhani ni yeye peke yake. Gurudumu la lori likipasuka barabarani, najikuta nimechuchumaa kabla sijajua nimechuchumaa. Usiku naota ngazi zisizoisha. Ijumaa asubuhi tumbo linauma, na sikuwa mgonjwa wa tumbo. Nikiwa na furaha kidogo tu, labda harusi ya ndugu au mtoto amezaliwa, kitu ndani yangu kinaniambia nisicheke sana. Na simiti! Nairobi kila kona kuna jengo linajengwa. Harufu ile ikinifikia, moyo unaanza kwenda mbio kama wa mtu anayefukuzwa.

Wataalamu wanaliita jambo hili kiwewe. Mwili unabaki na kengele ya hatari ambayo haijazimwa, na inalia kwa sauti, kwa harufu, kwa tarehe, hata kama akili inajua mko salama. Mtu mwenye kiwewe hajakosa imani. Kengele yake imekwama.

Katika miaka hiyo nilipelekwa kwenye mkutano mmoja wa injili. Mhubiri aliniwekea mikono, akasema nina roho ya woga, akanisukuma, nikaanguka. Nilipoinuka akanitangaza kwamba nimefunguliwa. Usiku uleule ngazi zikarudi. Nilipomtafuta kesho yake kumwambia, alinijibu kwamba nimeupoteza uponyaji wangu kwa kukosa imani. Nisikilizeni vizuri: mimi ni Mpentekoste. Naamini kuwekewa mikono, nimeona kwa macho yangu watu wakipona mahali pale pale. Lakini kumwambia mtu aliyeumia kwamba maumivu yaliyobaki ni kosa lake ni kumwongezea mzigo juu ya mzigo, na sisi watumishi tutaulizwa.

Baada ya hapo nilimkimbilia Yusufu. Mnajua hadithi yake, lakini safari hii nisomee pole pole. Aliuzwa akiwa na miaka 17. Alisimama mbele ya Farao akiwa na 30. Akapewa cheo, mke, gari la pili katika ufalme. Mwanawe wa kwanza akamwita Manase, kwa kuwa Mungu alikuwa amemsahaulisha taabu zake na nyumba ya babake. Ukisimama hapo, Mwanzo 41, utasema ushuhuda umekamilika. Amesahau.

Fungua ukurasa. Njaa inakuja, ndugu zake wanatokea, wanaongea wao kwa wao lugha ya nyumbani kuhusu yule mdogo wao aliyewalilia wasimsikie, hawajui kama anawaelewa. Yusufu anageuka pembeni na kulia. Baadaye anamwona Benjamini, anakimbilia chumbani, analia, kisha ananawa uso na kurudi mezani. Hapo pa kunawa uso mimi pamenigusa sana, maana wangapi kati yetu tumenawa uso chooni kazini, tukarudi kusalimia wateja? Mwishowe analia kwa sauti mpaka nyumba ya Farao inasikia. Piga hesabu: miaka saba ya shibe, miwili ya njaa. Ana kama miaka 39. Zaidi ya miaka 20 tangu shimo, na Manase tayari ni mvulana anayekimbia uani. Tena babake alipokufa, ndugu zake wakatuma ujumbe wa woga, akalia tena.

Na Biblia haimkemei hata mara moja. Haisemi alirudi nyuma. Mungu alikuwa pamoja naye kisimani, gerezani, na katika kile chumba alichojifungia kulia. Hapo ndipo nilipoanza kupumua.

Sasa niwaambie Bwana alinitendea nini, na alimtumia nani.

Mwaka 2008 tulianza kujenga kanisa hili mnaloabudu ndani yake. Nchi yenyewe mwaka huo ilikuwa na vidonda vibichi vya uchaguzi, mnakumbuka, na tulikuwa na familia zilizokimbia Bonde la Ufa zikilala kwenye hema letu. Mifuko ya simiti ikaletwa, vijana wakaanza kuchanganya kokoto. Nami siwezi kuingia kwenye ploti. Nasimamia maombi ya kuvunja ardhi nikiwa ng'ambo ya barabara! Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Mama mmoja mzee hakudanganyika. Yeye alikuwa amekimbia Molo mwaka 1992 akiacha nyumba yake inawaka, na alimzika kijana wake. Siku moja alivuka barabara akasimama nami, akaniambia, "Mwanangu, wewe kuna mahali hujarudi." Hakuniuliza ni wapi. Alinikaribisha kwake kila Alhamisi. Wiki za kwanza hatukuomba hata. Alipika chai ya tangawizi, akanipa viazi vitamu, akanyamaza. Malaika wa Bwana alipomkuta Eliya chini ya mti akitaka kufa, alimpikia mkate, akamwacha alale, akamlisha tena, na hotuba haikuwepo. Huyu mama hakuwahi kwenda chuo cha Biblia, lakini sura ile aliielewa kuliko mimi niliyekuwa nimeihubiri.

Alhamisi ya tano au ya sita nilimweleza yote: kabati, droo, vumbi, mkono wa dadangu, swali lake kuhusu taa. Sikuwa nimewahi kulisema hilo la taa kwa mtu yeyote. Alipoona nimemaliza akasema, "Haya, sasa mwambie Yesu hivyo hivyo. Usimpambie." Nikamwambia Yesu. Niliuliza alikuwa wapi. Martha na Mariamu walimwambia karibu maneno hayo hayo ndugu yao alipokufa, wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hakumfukuza hata mmoja. Alikwenda nao kaburini akilia. Sikupata jibu la swali langu siku hiyo, na mpaka leo sijapewa. Nilipata machozi. Kwa miaka kumi nilikuwa sijamlilia dadangu, nilikuwa nimetetemeka tu. Nililia kwenye kochi la yule mama mpaka jioni, na katikati ya kulia nikajua kwa hakika, kama ninavyojua jina langu, kwamba Bwana alikuwa kwenye zile ngazi upande wangu na upande wake.

Usiku ule nililala. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, lakini nilikuwa nimekwisha kujua kwamba kupona kumeanza.

Yule mama ndiye pia aliyenituma kwa mshauri nasaha, Mkristo aliyesomea kazi hiyo. Alisema, "Mimi najua chai na maombi. Yeye anajua mengine." Mshauri alinifundisha jinsi ya kupumua mwili unapoanza kukimbia: kuvuta hewa taratibu, kuitoa taratibu zaidi, kukanyaga sakafu kwa nguvu, kutaja vitu vitano ninavyoviona ili mwili ujue ni mwaka gani na niko wapi. Alinifanya nisimulie ile asubuhi toka mwanzo hadi mwisho, tena na tena, mpaka ikawa kitu kilichopita, sio kitu kinachoendelea. Alinieleza kwamba swali la kwa nini mimi nikabaki huwapata wengi walionusurika. Hakuna hata siku moja aliyoniambia niache kuomba, na mimi sikuona Roho Mtakatifu akikasirika.

Kisha Mungu akanionyesha moto wa makaa.

Katika Injili ya Yohana, usiku ule Yesu alipokamatwa, kulikuwa na baridi na watumishi wakawasha moto wa makaa uani. Petro alisimama pale akiota moto, na pale pale akamkana Bwana mara tatu. Ruka mpaka sura ya 21. Wamevua usiku kucha, wanafika pwani, na Yesu aliyefufuka amewasha moto. Wa nini? Wa makaa. Neno hilo la Kiyunani linapatikana mahali pawili tu katika Agano Jipya lote, na ni hapo. Yohana alitaka tulione. Wewe unayejua jiko la makaa unajua harufu ile haikosewi. Fikiria Petro anatoka majini, nguo zinachuruzika, harufu inampata kabla hajakaa. Mwili wake lazima ulikumbuka ule ua.

Yesu angeweza kuwaita mahali pengine, penye hewa safi, asiguse kidonda. Aliwasha moto uleule. Lakini tazama alivyofanya. Juu ya makaa aliweka samaki, na mkate. Aliwaita wale kwanza. Walipokwisha kula ndipo akamwuliza Petro, mara tatu, na kila mara akampa kazi. Harufu iliyokuwa ya usiku wa aibu ikawa pia harufu ya asubuhi alipolishwa na Bwana.

Niliposoma hivyo nilimwambia mume wangu na yule mama kwamba nataka kwenda pale. Hatukwenda tarehe 7 yenyewe, maana siku hiyo kuna hotuba na kamera. Tulikwenda wiki iliyofuata, Agosti 2009. Ubalozi ulipokuwa sasa ni bustani ya ukumbusho, imefunguliwa tangu 2001, ina ukuta wenye majina ya waliokufa. Wafanyakazi wa mjini hukaa pale kwenye nyasi saa za mchana. Nilipumua kama nilivyofundishwa. Nilitafuta jina lake nikaliona, nikaliwekea mkono. Mama akatoa chupa ya chai na mandazi kwenye mkoba wake, tukakaa kwenye benchi tukala. Nikamsimulia dadangu, kwa sauti ya chini, kwamba nimeolewa, nina watoto wawili, na wa pili nimempa jina lake.

Hayo ndiyo mandazi matamu kuliko yote niliyowahi kula, na yalikuwa ya jana.

Mwezi uliofuata niliingia kwenye ploti ya kanisa. Moyo ulikwenda mbio, nikaacha uende, haukunitoa. Wale vijana wa kokoto wakanipa mwiko nikapaka kidogo ukutani, vibaya sana, fundi akalazimika kurudia.

Kuna wanaoniuliza kuhusu haki. Mwaka 2001 mahakama ya New York iliwafunga watu wanne kifungo cha maisha kwa mashambulizi yale. Mwaka 2011 Osama bin Laden akauawa Pakistan. Wakenya wengi walioumia bado wanalilia fidia, na nawaunga mkono, wanastahili. Lakini niseme kutoka moyoni: habari za 2001 zilinikuta na jinamizi na zikaniacha nalo. Haki ni ya lazima, ila haijui njia ya kuingia kwenye ndoto za mtu. Na kusamehe kwangu kulikuja mwisho kabisa, baada ya kulia. Usimharakishe mtu asamehe kabla hujamruhusu aseme ameumizwa.

Tena msidhani kengele haikulia tena. Septemba 2013, Westgate iliposhambuliwa, nilikuwa Mchungaji wenu tayari. Usiku wa kwanza wa habari zile ngazi zilirudi. Tofauti ni kwamba nilijua la kufanya. Nilizima televisheni. Nilimpigia mshauri. Nilimwambia mume wangu asiniache peke yangu jioni. Nilimwambia Yesu, bila kumpambia. Wiki tatu zikapita, ikatulia. Januari 2019, shambulio la Riverside, zilikuwa siku nne. Kwangu huo ni muujiza, na nautolea ushuhuda kama wa aliyeinuka kwenye kiti cha magurudumu.

Kwa hivyo dada yangu wa Jumatano, na wewe kaka unayesoma ukijifanya unapita tu: daktari akikupa dawa za kukusaidia kulala au kutulia, kunywa, na usiziache bila kumwambia. Tunaomba na tunameza. Kama kilichokuumiza kiko nyumbani na bado kinaendelea, kwanza toka mahali pa hatari, tutakusaidia kutoka; moto wa makaa haurudiwi wakati ua bado umejaa askari. Kama mawazo ya kujiua yanakujia, usingoje Jumapili, piga simu kwangu au kwa mzee yeyote wa kanisa hata saa tisa usiku, na tutakwenda na wewe hospitalini. Na usirudi peke yako mahali palipokuumiza kwa sababu umesoma mimi nilirudi. Mimi nilienda na watu wawili, baada ya miezi mingi, na chai.

Tuombe. Baba, wewe unawajua kwa majina wanaolala na taa ikiwaka. Unajua sauti, harufu na tarehe ya kila mmoja. Keti nao usiku huu. Wape mtu wa kuwasikiliza bila haraka. Walishe kwanza. Katika jina la Yesu, Amen.

Yule mama wa Molo alilala katika Bwana miaka michache iliyopita, lakini Alhamisi zake zinaendelea. Saa nane mchana, chumba kilicho nyuma ya kanisa. Hakuna anayelazimishwa kuongea, hakuna kamera, na yanayosemwa hayatoki nje. Wanaume pia mnakaribishwa. Mwezi uliopita walikuja watatu. Usipitie mlango mkubwa kama hutaki kuonekana. Zunguka upande wa jikoni, sukuma tu, huwa hatufungi.